Mama wa Mtu Kaja!

Ndugu Meneja Mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, wakuu wa vitengo, mafundi wa mitambo, mafundi wa kujalidi vitabu, madereva, na nyinyi walinzi mliokuja kusikiliza huku jicho moja mmeliacha getini, wazazi wenzangu, wageni waalikwa, watoto mlioketi hapa mbele juu ya marobota ya karatasi, ambayo naomba msiyachane, na wewe mgeni wa heshima, mlezi wetu wa miaka ishirini na sita, Mama Pini: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika kumi niseme kwa niaba ya wazazi. Kamati ya hafla hii ya kumuaga ilinijia mezani ikaniambia, "Wewe ni msahihishaji mkuu, maneno ndiyo kazi yako, hutatuangusha." Nikakubali haraka, na sasa nitawaambia kwa nini. Katika kiwanda hiki chote, kuanzia ofisi ya Meneja Mkuu hadi kibanda cha walinzi, hakuna mtu aliyemwonea wivu mama huyu kama mimi. Si wivu wa kutaniana. Ni ule wa kukosa usingizi, wa kumchekea mtu usoni na kumng'ong'a akigeuka. Na kwa kuwa leo anaondoka, nimeona niuseme hadharani akiwa bado anasikia.

Wageni wetu huenda hawajui. Nyuma ya kitengo cha kujalidi, ukipita pipa la gundi, kuna chumba chenye dirisha pana linalotazama uwanja. Humo ndimo tunamoacha watoto wetu asubuhi na kuwachukua jioni. Kuna magodoro kumi na manane, poti sita, mabeseni mawili, na kamba ya nguo isiyokauka hata siku moja. Na kuna huyu mama, ambaye tangu mimi nimjue hajawahi kuvaa mkufu wala bangili, ila safu ya pini kifuani, kama askari na medali zake. Jina lake la kwenye mshahara sidhani kama wanne humu ndani wanalijua.

Zile pini zina kazi. Kila jioni mashine ya kukatia karatasi ikimaliza, Mama Pini hupita na kikapu kuokota vipande vyembamba vinavyobaki. Juu ya kipande huandika alichosema mtoto siku hiyo, akakibana kwa pini kwenye mfuko wa mtoto. Ndivyo sisi wazazi tulivyojua watoto wetu wanasema nini wakati sisi tuko kwenye mitambo. Halafu kuna ule wito wake. Mzazi akitokeza mlangoni, Mama Pini hamwiti kwa jina, maana hapo ana watoto kumi na wanane na mikono miwili. Hupaza sauti tu: "Mama wa mtu kaja!" Basi watoto wote huinua vichwa, na mwenye mama yake husimama. Rahisi kabisa. Na urahisi huo ndio ulioniponza.

Binti yangu aliingia chumba kile akiwa na miezi tisa. Mnamwona pale, ndiye yule mwenye viatu vyekundu, sasa ana miaka sita na anajifanya hanijui. Neno lake la kwanza halikuwa "mama." Halikuwa "baba." Lilikuwa "Haya," tena likitanguliwa na mshusho mrefu wa pumzi, mkono kiunoni, kama mtu aliyekwisha kunawisha watoto kumi na bado wanane. Baba yake aliniuliza, "Huyu amelitoa wapi?" Nilijua lilikotoka.

Akaendelea. Akawa ananipokea viatu na kuniambia, "Pole na kazi, mwanangu, umechoka eeh?" Mwanangu! Mtoto wa miaka miwili, nimembeba miezi tisa na kumzaa kwa kisu, ananiita mimi mwanawe. Baba yake akikohoa, anaambiwa, "Nani huyo? Lete pua hapa." Mjomba akija kututembelea, kabla hajaketi, anaulizwa mbele ya mkewe, "Umekojoa lakini?"

Ndugu Mwenyekiti, unacheka. Na mimi nilicheka. Lakini ngoja nikueleze ya Jumamosi moja.

Nimetoka sokoni, mkono huu mfuko, mkono huu ndoo mpya, jasho linanitoka. Mlango ukafunguliwa. Binti yangu akasimama kwenye korido, akanitazama kuanzia unywele hadi ukucha, akageukia ndani ya nyumba na kupaza sauti: "Mama wa mtu kaja!" Halafu akasubiri aone ni mtoto gani atakayesimama. Hakusimama mtu, maana mtoto wa nyumba ile ni yeye peke yake. Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya pazia. Akanirudia, akanipapasa goti kwa huruma, akasema, "Mtoto wako hayupo. Kaa hapo, atakuja."

Mume wangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Jirani akasimuliwa, akacheka. Mama yangu mzazi akapigiwa simu, naye akacheka hadi simu ikamponyoka. Nami nilicheka nao, meno yote nje, kisha nikaenda jikoni nikapanga vitunguu kimoja kimoja huku nalia. Nani angenielewa? Ningemwambia nani kwamba mtoto wangu ana mama, na mama mwenyewe si mimi?

Tangu siku ile vile vipande vikawa mwiba. Jioni nakibandua kwenye mfuko, nasoma: "Leo kasema zimeni jua nataka kulala." Kesho yake: "Leo kasema tumbo limeshiba ila mdomo bado." Siku nyingine: "Leo amekataa kuingia ndani, anasema kivuli chake bado kinacheza nje." Niambieni, wazazi wenzangu, haya maneno mtu huyasikia mara ngapi maishani? Na yote yalisemwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, masikioni mwa mwingine, mimi nikaletewa kama gazeti la jana. Nikifika nyumbani nambembeleza, "Hebu mwambie mama ile ya jua." Ananitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Jua limezimwa," anasema, na kweli giza limeshaingia.

Basi mimi nikafanya ninachokijua. Nilichukua kalamu yangu nyekundu, ile ya kusahihishia prufu, yaani kurasa za majaribio, nikaanza kusahihisha vipande vya Mama Pini. Mwenzetu huyu anaandika kwa moyo, lakini nukta hataki kuzijua. Nikawa namwekea nukta mwisho wa kila sentensi na kuizungushia duara dogo, kama tunavyofanya kule kwetu ili mpangaji wa herufi asiiruke. Kisha nakirudisha kipande asubuhi, nimekibana kwa pini yake mwenyewe. Ujeuri ulioje! Alikuwa anavipokea, anavitazama, anasema, "Ahsante, mwanangu," na kuviweka kwenye droo.

Halafu ikaja Jumapili ile. Mtoto ana homa, nimempakata tangu asubuhi, nguo yangu imeloa jasho lake. Mchana akafumbua macho, akaniangalia vizuri, akasema, "Mama Pini." Nikamwambia, "Ni mimi, mama." Akarudia, "Mama Pini." Kisha akafumba macho.

Jumatatu saa ya chakula cha mchana, wenzangu wametoka, niliketi kwenye kompyuta nikaandika barua kwa uongozi. Wengi wenu mnaikumbuka. Ni ile barua isiyo na jina, iliyotiwa saini "Mzazi Mwenye Uchungu." Ilisema kwamba mlezi anawafundisha watoto lugha ya vijiweni. Ilisema anawapazia sauti wazazi kama abiria stendi. Ilisema, na hapa naona haya hata kurudia, kwamba anajichukulia karatasi za kiwanda bila kibali. Makombo ya karatasi, ndugu zangu, ambayo huishia jalalani!

Mwandishi wa barua ile ndiye huyu anayesema nanyi.

Mama Pini, usinitikisie kichwa. Najua tulikubaliana tuyaache yapite. Wewe ulikubali, mimi nilinyamaza tu. Niache nimalize.

Uongozi ulifanya kazi yake. Mama Pini akapewa onyo la maandishi, likaingia kwenye faili lake. Vipande vikapigwa marufuku. Wito ukapigwa marufuku. Ukutani ikabandikwa orodha ya maneno ya kuzungumza na watoto, lugha safi, iliyonyooka, na nani aliisahihisha orodha ile kabla haijabandikwa? Ililetwa mezani kwangu. Niliisahihisha.

Kwa wiki tisa nilipata nilichokitaka. Mfuko wa mtoto ulikuja mtupu. Na mtoto wangu akaanza kuzungumza nami hivi: "Watoto, sasa ni wakati wa kuoga." Baba yake akimnyanyua juu, anatangaza, "Tafadhali, tucheze kwa utaratibu." Nikimbusu anasema, "Ahsante kwa ushirikiano." Hapo hata mume wangu aliacha kucheka. Jua halikuzimwa tena. Kivuli kikawa kinaingia ndani bila ubishi. Je, nilikuwa nimemrudisha mtoto wangu? Nilikuwa nimemtoa kwa Mama Pini nikampeleka ofisi ya utumishi.

Wiki ya kumi umeme ulikatika saa nane mchana na mitambo ikanyamaza. Kiwanda hiki kikinyamaza unasikia hata sindano ikianguka. Nikapita uwanjani, nikasimama kando ya lile dirisha pana, na sikwenda kwa wema, nilikwenda kuchungulia. Watoto wameamka, wanacheza. Binti yangu ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. Sikioni amechomeka kalamu nyekundu ya rangi. Mbele yake gazeti kuukuu, analichora duara, duara, duara. Mtoto mchanga akalia pembeni. Bila kuinua macho, binti yangu akasema, "Subiri, mama anamaliza ukurasa."

Sauti ilikuwa yangu. Uchovu ulikuwa wangu, hata ule mguno wa kumalizia. Mama Pini akainama amfunge kamba za kiatu, akaambiwa, "Mama hafungi hivyo." Akamletea maziwa, akaambiwa, "Mama hupuliza kwanza." Mama Pini akapuliza. "Siyo hivyo. Mama hupuliza huku anaimba." Naye, mtu mzima na mvi zake, akaimba wimbo wangu. Alikuwa anaujua wote, mpaka pale ninapokosea.

Nilitaka kuondoka, akaniona.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Dirishani jua kali."

Nikaingia. Nikamuuliza, "Huwa anafanya hivi?"

"Huwa?" akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Kutwa nzima mimi nakusikia wewe. Mama hivi, mama vile. Nyumbani kwako anaongea kama mimi, si ndiyo? Baba yake aliniambia. Basi hapa anaongea kama wewe. Tena angekuwa peke yake ningesema ana kichaa chake. Wote hawa wako hivyo. Wakilala mchana, mmoja mmoja unamsikia anamwita mama yake usingizini. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniita mimi. Unadhani mimi sina roho?"

Nikamwambia hajui asemalo. Nikamwambia ya ile Jumapili, ya homa, jina aliloita.

"Aliniita?" akauliza. "Kweli?" Akakaa kwenye godoro la mtoto, akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Niliona wazi kwamba alifurahi, na mnajua nilivyofanya? Niliumia upya, palepale. Nilijuta kumwambia.

Kisha akafungua droo. Akatoa vile vipande vyangu vyenye nukta nyekundu, amevifunga kwa uzi. Juu yake ilikuwepo barua ya Mzazi Mwenye Uchungu, aliyopewa ofisini aisome na kukiri kosa. Akaweka kidole mwisho wa sentensi ya tatu. Wasahihishaji wenzangu mlioko hapa, mtanielewa. Nilikuwa nimeichapa barua ile, nimeficha jina, nimebadilisha mpaka namna yangu ya kusema, halafu kabla ya kuitia kwenye bahasha nikaipitia, nikakuta nukta imekosekana. Nikaiweka. Kwa kalamu nyekundu. Nikaizungushia duara.

"Kiwanda hiki kina watu mia mbili," Mama Pini akasema. "Nionyeshe mwingine anayezungushia nukta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungemtoa mtoto. Na ndiyo kwanza maneno yanamkolea," akanijibu. "Nilitaka kuyasikia yaliyobaki. Na mimi nina tamaa zangu."

Ndugu zangu, mngedhani nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Meneja Mkuu. Sikwenda. Niliandika ombi la wazazi, zuri, lenye saini ishirini na mbili, na vipande vikarudi, na wito ukarudi. Katika ombi hilo nilimtaja mwandishi wa barua kama "mtu asiyejulikana." Lakini onyo lilibaki kwenye faili. Mara tatu Mama Pini alipendekezwa kuwa mfanyakazi bora wa mwaka, mara tatu faili likafunguliwa, onyo likaonekana, jina lake likakatwa. Mara ya tatu mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya uteuzi. Nilikaa pale, nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Kwa nini? Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kibaya, kilichosema: ana mtoto wangu kutwa nzima, anataka na cheti?

Kwa hiyo, Ndugu Meneja Mkuu, ombi langu ni hili, na nimelileta kwa maandishi, lina jina na saini. Onyo lile liondolewe kwenye faili la Mama Pini leo, kabla hajavuka geti, na barua ile iwekwe kwenye faili langu. Onyo liandikwe upya kwa jina la anayestahili. Na kama cheo nilichonacho hakiwezi kukaa na onyo hilo, meza yangu iko wazi, kalamu nimeiacha juu yake.

Kwako, Mama Pini. Wanakusifu kwamba una subira, una upole, una mapenzi. Mimi ninayekuonea wivu nimekuangalia kwa karibu kuliko wanaokusifu, na nakupa sifa moja tu. Uliona kabisa kwamba mtoto anakupenda, ungeweza kumweka upande wako, usingehitaji hata kusema neno. Badala yake kila jioni uliokota kipande, ukaandika alichosema, ukanibania mfukoni ili nami nipate. Ningekuwa wewe, ningevificha vyote. Wivu wangu bado upo, usidhani nimeutua hapa jukwaani. Binti yangu ameshaniomba awe anakuja kwako kila Jumamosi. Nimekubali. Saa nne hadi saa sita, na saa sita na dakika moja nitakuwa mlangoni.

Nimebakiza jambo moja. Miaka ishirini na sita umepaza sauti pale mlangoni kwa ajili yetu. Wewe hukuwahi kuitiwa, kwa sababu jioni, sote tukishaondoka na wetu, ulikuwa unabaki na ufagio. Leo nitakuitia mimi. Na wote mliopita kwenye magodoro yale, wakubwa kwa wadogo, mnajua la kufanya.

Mama wa mtu kaja!

Naam. Simameni, msione haya. Fundi wa umeme, na wewe, pamoja na ndevu zako? Dereva wa lori. Dada wa mapokezi. Ndugu Katibu wa Meneja, kumbe! Watoto, shukeni kwenye marobota taratibu.

Na wewe wa viatu vyekundu, usinitazame mimi kuomba ruhusa. Simama, mwanangu. Nimeona. Simama tu.

Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza.